Ubeti wa Tatu

Sofa tumeihamishia gereji, ikae na mashine ya kukatia majani.
Viti ishirini na vinne tumeazima kanisa la Kilutheri,
kila kimoja kina namba mgongoni, kwa rangi nyeupe,
na cha kumi na tisa hulia ukikikalia,
basi nimekikalia mwenyewe.

Nje, Nebraska imelala chini ya theluji ya siku tatu.
Viatu vimerundikana mlangoni, vinachuruzika.
Jikoni kuna sufuria la maharage na nyama ya kusaga,
na bakuli lenye kikaratasi: Kwa msafiri.
Dola ishirini, au ulichonacho.

Arlene Stidham hana kipaza sauti.
Ana gitaa lililochubuka pale kiganja kinaposugua,
ana miaka hamsini na minane, ana mafua,
na gari ambalo hita yake ilikufa mahali fulani Iowa.
Amekaa hatua mbili kutoka magotini petu,
karibu kiasi kwamba anapovuta pumzi
unaujua wimbo kabla wimbo haujajijua.

Anaimba ya mgodi uliofungwa na baba aliyebaki na kikohozi,
ya farasi aliyeuzwa kulipa deni la daktari,
ya mama aliyeikunja hati ya talaka mara nne
akaitia chini ya mguu wa meza, isiyumbe.
Tunacheka hapo. Kisha hatucheki.
Chini ya sakafu mashine ya joto inaguruma,
naye anatulia, anaingoja imalize,
kama anayempisha jirani mwenye mzigo.

Halafu ule wimbo. Ule uliotutoa majumbani na baridi hii,
ingawa hakuna aliyethubutu kuuomba.
Ubeti wa kwanza. Wa pili. Kiitikio.
Vidole vikaendelea; mdomo ukakwama.
Akazizunguka zile nota tena, mara mbili, mara tatu,
kama mtu anayejipapasa mifukoni.
"Nimeutunga mimi huu," akasema, "na umenikimbia."

Kimya. Kiti changu kikalia, nikaona haya.
Ndipo kutoka kizingiti cha jikoni, sahani ingali mkononi,
Vondracek, fundi bomba,
ambaye kwa miaka kumi sijamsikia akisema
zaidi ya "vali imekufa" na "risiti hii hapa",
akautamka. Hakuimba. Aliutamka
kama anayesoma mita:

    Nikatwaa koti, nikamwacha paka,
    nikaurudishia mlango, nikaenda zangu.

Arlene akainua kichwa.
Kwenye santuri, sote twajua, ni "nikaufunga".
Nikaufunga mlango, na ufunguo mtoni.
Hakuna aliyemsahihisha.
Nani kati yetu hajapita mbele ya nyumba ya Vondracek
akaiona taa ya barazani inawaka mchana kutwa
tangu Jolynn aondoke, Machi, mwaka wa mafuriko?

Kufunga ni kufunga.
Kurudishia ni jambo jingine:
upepo unaweza, paka anaweza,
hata mtu, akichokana na alikokwenda.

Arlene akalizungusha lile neno mdomoni, bila sauti,
akapiga nota, akauimba ubeti wa tatu
kwa neno la Vondracek.
Naye Vondracek akaikodolea macho sahani
kana kwamba maharage yameandikwa kitu.

Usiku tulihesabu bakuli: dola mia nne na kumi na sita,
na kitufe kimoja cha koti, cha nani sijui.
Marvin alilisukuma gari hadi barabarani,
akarudi na nyusi nyeupe, akauliza kama kuna kahawa.
Huko Dakota, kesho yake, Arlene aliimba neno lipi?
Sikuuliza, na sitauliza.

Viti nilivirudisha Jumatatu.
Cha kumi na tisa nimebaki nacho.
Kanisani bado hawajahesabu.